Jina Lililofungwa Mlangoni kwa Ndeshi

Mmekosa mtu mwingine wa kumsumbua. Umoja wa Wanawake mnataka kila mmoja wetu aandike maisha ya mama mmoja wa hapa Kiranyi, yawe kitabu, na mimi mkanipa Nosim, mkijua vizuri kwamba huwezi kusimulia habari za Nosim bila kukanyaga jina moja ambalo sisi hatulitaji. Tena mwajua herufi zenyewe nazichimba kama viazi, moja inatoka na mbili zinabaki ardhini. Haya. Nitaandika. Lakini hilo jina hamtalipata kwangu. Nosim namtaja kwa sababu yu hai. Sisi Waarusha wafu wetu hatuwaiti. Ukimwita mfu unamgeuza aliko, na akikutazama umekwisha.

Nosim alizaa wengi, wakabaki wawili, wote wa kiume. Kulikuwa na mkubwa, ambaye nitamwita mkubwa mpaka mwisho, na Gidion aliyemfuata kwa mbali. Kilipokuja kisomo cha watu wazima, mkubwa akiwa bado mgongoni, mwalimu aliwaambia akina mama kila mmoja aanze na neno analolipenda. Wengine waliandika maziwa, wengine Yesu. Nosim aliandika jina la mwanawe. Mwalimu akamwimbisha herufi zake kwa sauti, mbele na nyuma, mpaka akazijua kama anavyowajua ng'ombe wake. Siku hiyo akaacha kisomo.

"Nimeshajua kusoma," alimwambia mwalimu. "Hayo mengine someni ninyi mlio na nafasi."

Akawa kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, analichora lile jina kwenye majivu kwa kijiti, kisha analifuta kwa mkono na kupanga kuni juu yake. Hakumwonyesha mtu; mimi mwenyewe aliniambia uzeeni. Hata Gidion alikua akijua mama yake ni wa kuweka dole gumba tu.

Mkubwa alipokuwa mtu mzima akaoa, akaenda Mererani kuchimba mawe ya buluu kama vijana wengine wa wakati ule, kila mmoja akidhani ataibuka na gari. Shimo likamwangukia. Walimtoa, wakamleta, tukamzika nyuma ya migomba.

Hapo ndipo Nosim alipolifunga jina. Mume wake alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo hakuna aliyemzuia. Mchungaji aliambiwa pale mlangoni, kabla hajafungua kitabu, kwamba akilisoma jina atashushwa na mwanamke mbele ya waumini wake. Akasoma "ndugu yetu" tangu mwanzo hadi amina. Mtoto wa jirani aliyekuwa na jina hilohilo akapewa jingine, na mama yake hakuthubutu kubisha. Majivu ya jikoni Nosim aliyazoa yote, akayamwaga mtoni.

Sasa Nashipae. Huyu alikuwa mke wa mkubwa, msichana tu, hata hajazoea kuni za nyumba ile. Udongo ulipoanza kuliangukia sanduku, alilia, akaita jina. Mara moja. Tulisikia wote. Kesho yake asubuhi Nosim alifunga nguo za Nashipae kwenye kitenge, akaziweka nje ya geti, akaweka na kikombe chake juu.

"Yeyo, nilikuwa nalia," Nashipae akasema. Yeyo ndiyo mama kwetu, kwa ninyi mliosahau.

"Na mimi nililia. Ulinisikia nikimwita?"

"Nitakwenda wapi?"

"Mdomo uliomwita utakuonyesha njia."

Gidion, aliyekuwa anamaliza sekondari, aliona yote. Ndiye aliyembebea shemeji yake mzigo hadi barabarani. Aliporudi akachukua kisu akawakatia ng'ombe majani.

Ikaja miaka ya utandawazi. Zamani redio ilikuwa moja, unaisikiliza upende usipende. Sasa zikaota kama uyoga, na kila moja inataka matangazo, mahubiri, michezo, tena kwa lugha za watu. Ndeshi, mama wa Kichaga aliyekuwa anauza mitumba soko la Sokon One, Arusha mjini, alinusa mapema kuliko wengine. Aliuza kibanda, akapanga nyumba Kimandolu, akabandika trei za mayai na magodoro ukutani, akaita studio. Gidion alikuwa amesomea umeme na kompyuta Nairobi. Akawa fundi wake.

Kurekodi hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kumfikishia mteja kazi yake, maana wateja wako Dar es Salaam na Nairobi. Walikuwa wanaitia sauti kwenye sidii, wanaifunga kwa gazeti, wanampa kondakta wa basi. Moja ilifika imekaliwa. Nyingine ilishuka Korogwe na abiria asiyejulikana, na labda mpaka leo kuna mtu huko anasikiliza mahubiri ya Kimeru asiyoyaelewa. Ndeshi alikuwa anamtukana kondakta, kondakta anamtukana Ndeshi, na mteja anawatukana wote wawili.

Ndipo Gidion akatengeneza seva. Akaweka sahani ya intaneti juu ya paa, na stoo akalaza kompyuta isiyo na kioo juu ya kreti ya soda, ikivuma kama mzinga wa nyuki.

Nosim aliiona siku ya kwanza alipoitwa kurekodi. Kulikuwa na mchezo wa redio wa Kimaasai kuhusu chanjo ya ng'ombe, na Ndeshi alitaka sauti ya koko, yaani bibi. Sauti ya Nosim mnaijua: akiita ndama Kiranyi, wa Ngaramtoni wanageuka.

"Hii nini?" akauliza.

"Seva, yeyo. Ichukue kama boma. Geti ni moja, ndani kila mke ana nyumba yake. Mteja wa Dar akiingia getini anakwenda nyumba yake tu, anachukua sauti yake, anaondoka. Wa Nairobi naye vivyo hivyo. Hawaonani."

"Na mume ni nani?"

"Mume si mimi?"

"Mume wa sanduku. Ndiyo maana huoi."

Ndeshi alicheka mpaka akashika meza.

Mwanzoni boma hilo halikuwa na kufuli. Gidion aliliacha wazi, kama kwao, ambako miiba inasogezwa getini jua likizama tu. Mtu wasiyemjua akaingia, akajichukulia tangazo la sabuni la mteja wa Nairobi, na likasikika kwenye redio nyingine kabla mwenyewe hajalipata. Ndeshi akawaka.

"Wewe Gidion, kwenu mnalala mlango wazi? Weka neno la siri! Tena usiweke 'studio', usiweke 'Arusha', mtoto wa chekechea atalipata. Weka neno ambalo hata ukipigwa hulitaji."

Mchaga wa watu alikuwa anasema tu, kwa hasira. Gidion akalichukua lilivyo. Neno ambalo mtu halitaji hata akipigwa alikuwa nalo, moja, na alishaona mtu akitupwa nje kwa ajili yake. Mwarusha hawezi kulisema, na mwizi wa mbali hawezi kulibahatisha. Akalifanya ufunguo wa milango yote, akawaandikia wateja kwa barua pepe. Vidole si mdomo, alijiambia. Kuandika si kuita. Ndeshi hata hakuuliza ni neno gani, alishapata kufuli lake.

Na Nosim akawa anakuja studio, anasema sehemu yake, anakunywa chai, anapelekwa nyumbani. Ugomvi ulikuwa wa mate tu. Sisi tukimbariki mtoto tunamtemea mate kidogo, tfu, laini kama umande. Kwenye mchezo, koko humbariki mjukuu wake anayepeleka ng'ombe kuchanjwa, na Nosim kila akimaliza maneno alitema mbele ya maikrofoni.

"Mama yangu, msikilizaji wa mjini atadhani bibi anamdharau mjukuu," Ndeshi akasema. "Gidion, hiyo tfu uikate."

"Baraka isiyo na mate ni salamu ya barabarani," Nosim akajibu.

"Tunakata sauti tu, yeyo," Gidion akambembeleza. "Mate yenyewe yamebaki kwenye zulia."

"Basi msifagie."

Kwa hiyo Nosim alitema, na Gidion alikata. Ndivyo walivyokwenda mpaka sehemu ya mwisho.

Sehemu hiyo ya mwisho ilikuwa isikike redioni saa saba mchana. Gidion alikuwa ameshaipakia kwenye seva. Nosim amekaa chumba cha mbele na chai yake. Simu ya mezani ikalia, na Ndeshi akabonyeza spika, maana alipenda nyumba nzima isikie kwamba anapigiwa kutoka Dar.

"Habari za Arusha! Fransiska hapa." Huyu ndiye aliyekuwa anawapokelea kazi kwa mteja wa Dar. "Jamani, niko kituo cha redio, siko ofisini. Neno la siri liko kwenye barua pepe ya ofisi na hapa haifunguki. Simu yangu ya mkononi imezima. Nitajieni neno nishushe kazi, hawa watu wananiangalia vibaya."

"Mtajie," Ndeshi akamwambia Gidion.

Gidion akaitazama simu. Akamtazama mama yake.

"Yeyo, toka nje kidogo."

"Nitoke kwa nini?"

"Kaote jua."

"Mimi kuku? Nimeingia kwa mlango, nitatoka chai ikiisha."

"Yeyo, nakuomba."

"Ukizidi kuniomba nitamwambia Ndeshi aniongeze kikombe."

Hapo ningekuwepo ningempiga teke mwenyewe. Lakini namjua Nosim. Angeambiwa akae, angetoka.

"Nilibadilishe kwanza," Gidion akamnong'oneza Ndeshi. "Niweke jingine."

"Ulibadilishe nini? Wa Nairobi anashusha kazi yake tangu asubuhi, ukigusa mashine anakatika aanze upya! Sema neno, mwanaume mzima! Ni tusi?"

"Gidion, uko?" sauti ya Fransiska ikaita.

"Nipo. Andika. Nakupa herufi mojamoja."

Akaugeukia ukuta, akapunguza sauti. Mama hajui kusoma, ndivyo alivyofikiri. Akatoa herufi ya kwanza. Akatoa ya pili.

Nosim alikuwa anapeleka kikombe mdomoni. Kikombe kikasimama njiani. Alizisikia zile herufi zinakuja moja nyuma ya nyingine, kwa mpangilio uleule alioimbishwa na mwalimu, kama ng'ombe wanaojua njia ya kwao. Ya mwisho alikuwa nayo mdomoni kabla Gidion hajaitoa.

"Ngoja nisome nilivyoandika," Fransiska akasema, na akalisoma. Lote. Kwa sauti nzuri ya mtu wa redio, kwenye spika, mchana kweupe. "Aa, imefunguka! Jina tamu jamani. La mwanao?" Akaliita tena. Akaliimba kabisa huku mashine yake inashusha, kama mtu anayembembeleza mtoto.

Ndeshi, aliyekuwa amesikia kwamba sisi hatutaji wafu, aliwatazama hawa wawili, akaelewa nusu, na nusu hiyo ikamchekesha.

"Kumbe la marehemu? Sasa mnatisha watu kwa hilo? Kwetu jina la marehemu tunampa mjukuu, linaendelea. Ninyi mmeipa kompyuta."

Nosim akaweka kikombe chini.

"Wangapi?" akamwuliza Gidion.

"Wangapi nini, yeyo?"

"Wanaomwita."

"Hawamwiti. Wanaandika tu."

"Nimekuuliza wangapi."

"Wateja wote. Kila wakiingia."

"Umemfunga ndugu yako getini kama mbwa. Kila mpita njia amwite ndipo apite."

Mtu akibanwa ukutani huuma. Gidion alimgeukia mama yake, na lile alilolibeba tangu siku ya mzigo wa shemeji likatoka.

"Si wewe uliyenifundisha kwamba neno hilo ni kali? Ulimtupa Nashipae nje pamoja na kikombe chake. Nikasema, kama linaweza kumfukuza mke wa nyumba, litafukuza na wezi. Nimekosea wapi? Limefanya kazi."

Sauti ya Fransiska ikarudi kwenye spika.

"Jamani mpo? Hii sehemu ina kasoro. Baraka ya bibi inakatika kabla ya mwisho. Rudieni, mniwekee nzima, muda bado upo kidogo."

Ni Gidion huyo. Katika kukata mate, kisu kilikuwa kimeingia ndani mno, kikaondoka na maneno.

Ndeshi akapiga goti. Naam, Ndeshi, na dhahabu zake.

"Shikamoo mama yangu. Rudia maneno hayo machache tu. Tutakufa njaa hapa."

"Marahaba. Nitarudia," Nosim akasema. Alikuwa bado anamtazama mwanawe. "Jina hilo litoke kwenye sanduku."

"Litatoka, yeyo. Wa Nairobi akimaliza tu, leo hii."

"Utaweka lipi?"

"Lolote."

"Weka langu."

"Lako? Lako kila mtu analitaja, wewe uko hai."

"Unataka neno usilolitaja, sivyo? Basi kwako mimi nimekufa. Nifunge hapo, nimlindie Ndeshi mali yake."

"Yeyo..."

"Hakuna yeyo hapa. Washa mashine."

Akaingia kwenye chumba cha magodoro, akavaa vile vya masikioni juu ya kilemba. Gidion upande wa pili wa kioo, mkono kwenye kipanya, macho yamejaa. Nosim akambariki mjukuu wa mchezo. Nenda ukarudi. Ng'ombe wako wafunge njia kwa wingi. Mungu akutangulie, akuzunguke, akulaze penye majani. Sauti haikutetemeka hata chembe, na hakurudia neno. Alipofika mwisho, Gidion akaweka kidole tayari, akasubiri ile tfu.

Akasubiri.

Kwenye kioo cha kompyuta ule mstari wa sauti ulinyooka, ukabaki umenyooka. Nosim alikuwa ameketi kimya mbele ya maikrofoni, midomo imefungwa, akimtazama.

Alipotoka alipita karibu naye. "Leo sikukupa cha kukata," akasema, akaenda zake kwa miguu.

Saa saba tuliusikia mchezo hapa Kiranyi, redio zote zimefunguliwa. Vijana walisema Nosim amebariki kuliko askofu. Sisi wenye umri tulitazamana. Baraka ilikuwa kavu.

Gidion alifanya alivyoagizwa. Wa Nairobi alipomaliza, alilitoa la kaka yake, akaliweka la mama yake, na Ndeshi ndiye aliyewatajia wateja, maana Gidion mdomo ulikataa. Umekataa mpaka leo. Alioa, akazaa, na watoto wakimwuliza koko anaitwa nani, anasema "yule wa Kiranyi". Mwaka ambao Nosim alilazwa, Gidion alikwenda hospitali amebeba uji na blanketi. Nesi pale mapokezi akamwuliza, "Mgonjwa wako jina nani?" Alisimama mdomo wazi. Watu nyuma yake wanasonya, foleni inarefuka. Nesi akadhani ni bubu, akampa kalamu. Aliandika. Alipofika kitandani, Nosim aligeukia ukutani, na uji ukanywewa na mgonjwa wa jirani.

Msidhani Nosim alipata faida. Alituma watu Makumira, ambako Nashipae anawauzia wanafunzi chai na ndizi za kuchoma, wamwambie nyumba yake ipo, arudi. Kama mtoto niliyemzaa ameliuza jina sokoni, yule aliyelilia ana kosa gani? Ndivyo alivyosema. Nashipae aliwapa wajumbe chai, akawasikiliza mpaka mwisho, akafuta meza.

"Mwambieni mama, mdomo uliomwita umeshanionyesha njia."

Walimfikishia Nosim hivyohivyo, bila kupunguza. Alichukua ndoo akaenda kukamua.

Studio imekufa siku nyingi. Sasa kila mtoto ana studio kwenye simu yake. Lile sanduku liko stoo kwa Ndeshi, kuku wanataga juu yake. Gidion anauza vifaa vya umeme, ana geti la kijani kulekule Kimandolu. Na Nosim yupo hapa chini ya kwangu, anazeeka kwa ubishi, hamwiti mwanawe, na mwanawe hawezi kumwita.

Sasa nimeandika, vidole vinauma, na kitabu chenu hakinipi hata sukari. Mtanilipa hivi. Wewe unayesoma, ye yote uliye, nenda Kimandolu. Tafuta geti la kijani. Simama hapo nje uite "Nosim!" kwa sauti ya kuitia ndama. Gidion akitoka akakwambia hapa hakuna mtu huyo, ita tena. Akikufukuza, ita ukiwa barabarani. Usirudi nyumbani kwako mpaka alitaje kwa mdomo wake, maana siku tutakapomzika huyu mwanamke mwanawe atataka kumwita, na mimi ndiye nitakayesimama pale kumziba mdomo.